Uliza Tujibu: "Run" si mbio tu

Safu ya mwezi huu tumeliachia neno moja la Kiingereza, "run", na sababu ni barua zenu. Kutoka Shela hadi Malindi, manahodha, wauguzi, wauza vikoi na wahudumu wa hoteli wanalalamikia neno lilelile: walifundishwa shuleni kuwa ni "kukimbia", na tangu waanze kazi ni nadra kumsikia mgeni akilitumia kwa maana hiyo. Hamkosei. Wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford walipolipitia upya karne hii walihesabu maana 645 za kitenzi hiki peke yake, wakakivua taji kitenzi "set", kilichokuwa na maana 430 katika toleo la 1989. Hakuna Mwingereza azijuaye zote, kwa hivyo tulieni.

Mgeni alipiga simu mapokezi akasema, "Could you run me a bath?" Nikadhani anataka kukimbizwa mahali, nikamwitia tuktuk. Alikasirika. Alitaka nini, na mara nyingine nitajuaje?
*Mhudumu wa hoteli, Malindi*

Alitaka umjazie maji katika lile beseni kubwa la kujilaza. Hapa "run" ni kuyaacha maji yatiririke, na maana hii wala si ya pembeni, ni ya ukoo wa neno lenyewe: ni ndugu wa neno la Kijerumani "rinnen", yaani kutiririka. Ndiyo maana kwa Kiingereza mto "runs", bomba "runs", pua "runs", na wanja uliolowa machozi nao "runs". Ukisikia "run" na ndani ya sentensi mna kitu cha majimaji, sahau miguu, fikiria mkondo.

Kazi yenyewe, ikiwa hujawahi kuifanya: ziba tundu la chini, tangulia na maji ya baridi kidogo ili beseni lisimuunguze mtu, kisha fungua ya moto. Jaza hadi nusu au zaidi kidogo, usifikishe ukingoni, maana mtu akiingia maji hupanda. Jaribu joto kwa kiwiko, si kwa kiganja. Kiganja cha mtu wa kazi kimeshazoea moto na kitakudanganya. Nyuzi 37 hadi 40 zinatosha. Ukimaliza sema "Your bath is ready." Usiseme "I have run you", hiyo haina maana yoyote.

Mengine utakayoyasikia mapokezi ni haya. "The tap is running" ni bomba linamwaga, kalifunge. "The tap has run dry" ni kinyume chake, hakuna maji kabisa. "I'm running late" si kwamba anakimbia. Amechelewa, na pengine bado yuko kitandani. "The kitchen runs until ten" ni jiko linahudumu hadi saa nne usiku (msisahau kuigeuza saa, kosa hilo limewaharibia wengi chakula cha jioni). Na mgeni akiuliza "Who runs this hotel?" hamtaki mwenye hoteli. Anamtaka anayeiendesha, yaani meneja. Mwenyewe angeulizwa kwa "owns".

Akisema chumba ni "run-down", hasemi kimekimbia wala kimeanguka. Anasema kimechakaa: rangi inabanduka, kitasa kimelegea, pazia limepauka. Usimjibu "Thank you".

Na "runner" hotelini ni vitu viwili. Kuna kitambaa chembamba kinacholazwa katikati ya meza kutoka mwisho hadi mwisho, na kuna kijana anayetoa sahani jikoni na kuzifikisha mezani. Mpishi akipaza sauti "Runner!" hahitaji kitambaa.

Wageni wangu wa mashua hawaishi "run": run before the wind, running lights, the Manda run. Na mmoja aliandika malalamiko kwa wakala wake kwamba "the captain ran the boat aground". Mimi nilijibu kwamba hakuna aliyekimbia. Nifafanulieni.
*Nahodha, Shela*

Nahodha, tuanze na malalamiko, maana hapo ndipo penye pesa. "The boat ran aground" ni chombo kimepanda fungu la mchanga. Hakitajwi mtu. "The captain ran the boat aground" ni nahodha amekipandisha chombo fungu, na lawama imeshakushukia. Kitenzi ni kilekile, hakikubadilika hata herufi moja. Kilichobadilika ni kwamba sasa mna mtu mbele ya kitenzi na chombo nyuma yake. Kiswahili kimekwambia hilo kwa mkia wa kitenzi, panda ikawa pandisha, nawe ukalisikia mara moja; Kiingereza hakina mkia huo, kinategemea nani kakaa wapi.

Kwa hivyo ukiandika taarifa ya ajali, anza na chombo: "The boat ran aground on a sandbank", kisha ongeza saa, mahali, na kama maji yalikuwa yanajaa au yanapwa. Ukipewa karatasi yenye sentensi inayoanza na "The captain ran", usiitie sahihi kabla hujaielewa. Halafu lipo kosa la pili ambalo hata wageni hulifanya. Chombo kilichotia nanga, maji yakapwa, kikabaki mchangani, hakiku-"run aground". Hicho kimepwelewa tu. "Run" inataka chombo kiwe kinakwenda. Kwa kupwelewa mwambie mgeni, "The tide has gone out. We wait for the water", na umchemshie chai.

"Run before the wind" ni kwenda na upepo ukiwa nyuma yako, unakuja kwa tezini. Ukitoka Lamu kwenda Mombasa wakati wa kaskazi, tuseme Januari, uko katika "run". Ukirudi msimu huohuo itakubidi ubishe, yaani uukabili upepo kwa kwenda mshazari huku na huku, na kubisha kwao ni "beating" au "tacking". Wakati wa kusi mambo hugeuka. Angalia kwamba kwa mabaharia neno hili halipimi kasi: chombo kinachojivuta kwa upepo hafifu wa nyuma kiko katika "run", na kinachobisha kwa kasi ya kukata pumzi hakimo.

Mgeni aliyewahi kusafiri baharini akiuliza "Are we on a run?" mara nyingi anauliza kama akae chini. Anajua kwamba upepo wa nyuma ukihama kidogo tu, tanga hurushwa upande wa pili bila kubisha hodi, na demani, ile kamba ya kulizuia tanga, ikipita na kichwa cha mtu haimwombi radhi. Mjibu: "Yes. Please sit low and keep clear of the sheet." Ndiyo, "sheet" hapa ni demani. Tunaomba msituulize na hilo mwezi huu.

"Running lights" ni taa za njiani: nyekundu upande wa kushoto, kijani upande wa kulia, nyeupe nyuma. Huitwa hivyo kwa sababu huwashwa chombo kikiwa kinakwenda. Kikitia nanga huzimwa, ikawashwa taa moja nyeupe inayoonekana pande zote. Vivyo hivyo kamba. Zinazopita na kurudi kazini, henza (ya kupandishia tanga) na demani, ni "running rigging". Zile zilizofungwa kuushikilia mlingoti, ambazo haziguswi safari nzima, ni "standing rigging". Kamba ikipita kwenye kapi bila kukwama wanasema "it runs free", na ikigoma wanasema "it won't run".

"The Manda run" ni safari ya mara kwa mara ya njia ileile, kama ile ya kuvusha watu kati ya mji wa Lamu na uwanja wa ndege ulioko Manda. Hapo "run" ni nomino na haina haraka yoyote ndani yake. Lakini jihadhari na sentensi hii: "Could you run me across to the airport?" Kwa Kiingereza cha nyumbani, "run me" ni nisogeze, nifikishe, na mara nyingi marafiki huombana hivyo bila malipo. Mgeni anayesema hivyo huenda hakukusudia usafiri wa bure, na huenda alikusudia. Taja nauli kabla ya kuling'oa nanga: "Of course. It's so many shillings for the boat." Ikishatajwa, "run" haina tena utata.

La mwisho, mashine. "The engine is running" ni inanguruma, hata chombo kikiwa kimefungwa gatini. Na ukinunua mashine mpya ya kubandika utaona kwenye kitabu chake neno "running in". Huko ni kuizoesha: mara nyingi ni saa 10 za mwanzo, usiikamulie mafuta yote, usiiache kwenye mwendo mmoja muda mrefu, ongeza na upunguze, ili vyuma vya ndani vilaliane pole pole. Anayekimbilia kasi siku ya kwanza huozesha pistoni ambazo angezitumia miaka. Vitabu vya Kimarekani kazi hiyohiyo huiita "breaking in", maneno ambayo kwingine ni ya mwizi anayevunja mlango, basi ukiyaona kwenye kitabu cha mashine usitafute polisi.

Mteja hushika kikoi akauliza, "Will it run?" Mimi hujibu "No, it cannot run", naye hucheka. Anacheka nini?
*Muuza vikoi na leso, Lamu mjini*

Anacheka kwa sababu umejibu kana kwamba kikoi kina miguu. Anauliza kama rangi itachuja, yaani ikilowa itatoka na kuzipaka nguo nyingine. Mtiririko tena. Kupauka ni jambo jingine, kwao ni "fade": rangi inafifia kwa jua na sabuni bila kumchafua jirani. Kikoi kinaweza kupauka bila kuchuja, na mteja anayeuliza moja hajali sana la pili.

Usimjibu kwa kubahatisha. Chukua kitambaa cheupe cha pamba, kiloweshe, kisugue kwa nguvu kwenye sehemu yenye rangi kali zaidi, mara kumi hivi, hasa nyekundu, buluu na nyeusi. Kikibaki cheupe sema, "The colour is fast, it won't run." Kikipata doa sema ukweli: "It may run at first. Wash it separately in cold water." Mweleze asikiloweke na kukiacha, kwa kuwa nguo inayokaa majini imejikunja hujipaka rangi yenyewe kwa yenyewe, mistari myeupe ikawa ya waridi. Afue, asuuze mpaka maji yawe meupe, aanike mara moja kivulini. Mteja aliyeambiwa hivi hununua viwili. Aliyedanganywa hurudi na shati lake jeupe mkononi.

Na soksi nyembamba za kike zikichanika mstari kutoka juu hadi chini, mstari huo nao ni "run". Biashara hiyo hatudhani unayo.

Niliandika katika insha, "I was run over by a donkey", mwalimu akakata. Halafu nikaandika "I have ran", akakata tena. Kuna njia ya kulishika neno hili bila kukariri maana mia sita?
*Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Lamu*

Ipo. Kwanza yale makosa. Maumbo yake ni "run, ran, run". Umbo la katikati hutumika peke yake: "I ran yesterday." Ukishaweka "have", "has", "had" au "was" mbele, unarudi kwenye "run": "I have run", "it was run by my uncle". Na ukitia "-ing" unarudufisha n, "running". Hakuna zaidi ya hapo.

Punda sasa. "Run over" ni kupitiwa juu, na Mwingereza husikia magurudumu ndani yake. Huku kwenu ambako vichochoro ni vya punda na watu, kinachotokea kwa kawaida ni kupigwa kikumbo ukaanguka: "I was knocked down by a donkey." Kama punda alikuwa akivuta mkokoteni, na mkokoteni ukakupita mguuni, basi mwalimu alikuonea, ilikuwa "run over" halali.

Njia yenyewe ni hii. Kiswahili huzaa maana kwa kubadilisha mkia wa kitenzi. Kimbia, kimbiza, kimbilia, kimbizana: shina moja, mikia minne, na kila mkia unakwambia nani anamfanya nani nini. Hata watu wanaozaliwa humo hutofautiana. Mkimbiaji hushinda medali, mkimbizi hutafuta hifadhi. "Run" haina mkia. Maana yake imekaa nje, kwa majirani. Kwa hivyo usilitazame neno, tazama majirani watatu.

Jirani wa kushoto ndiye anayefanya. Ni mtu au mnyama? Huenda kweli ni mbio. Ni maji, rangi, pua, wino? Kutiririka. Ni mashine au programu ya kompyuta? Kufanya kazi. Ni barabara, ukuta, ufuo? Kuenea kutoka hapa hadi pale: "The sea wall runs along the front", na ukuta haujaondoka mahali pake. Ni mkataba, filamu, maonyesho? Kudumu muda fulani.

Jirani wa kulia ni kile kinachofanyiwa. Kama hakuna, rudi kushoto. Kama yupo, "run" inageuka kuwa ile "-isha" au "-za" yetu: "run a shop" ni kuendesha duka, "run the water" ni kuyatiririsha, "run him to hospital" ni mkimbize hospitali. Jaribu hilo la mwisho uone lilivyolingana. Sisi wenyewe tunamkimbiza mgonjwa hospitali bila mtu yeyote kukimbia, amelala kwenye mashua.

Jirani wa tatu ni kile kineno kidogo kinachofuata, na huyu ndiye mwenye fujo. "Run into" mtu ni kukutana naye bila ahadi. "Run into" ukuta ni kuugonga. "Run through" somo ni kulipitia upesi. "Run something by" mwalimu ni kumwonyesha ili atoe maoni kabla hujaendelea. "Run up" deni ni kulirundika, "run down" mtu ni kumsema vibaya au, barabarani, kumgonga kwa gari. Hivi havifuati kanuni unayoweza kuitegemea, na mtu akikwambia vinafuata anakuuzia kitabu. Viandike kwa jozi pamoja na nomino zake, "run up a debt", "run through the lesson", kamwe usiandike "run up" pekee na maana yake ubavuni, kwa sababu "run up" hiyohiyo ikikaa na bendera ni kuipandisha, na ikikaa na nguo ni kuishona haraka haraka.

Jizoeze hivi: chukua gazeti moja la Kiingereza, tafuta "run" zote, uzipigie mstari, na kwa kila moja andika jirani wa kushoto, wa kulia na wa tatu kabla hujaandika maana. Kwenye kurasa za michezo uwe macho na kriketi, ambako "runs" ni pointi.

Mgonjwa wa kizungu aliniambia ana "the runs". Niliandika kwenye kadi "likes running". Daktari alicheka hadi akakaa. Nitajieni mengine ya zahanati nisiaibike tena.
*Muuguzi, karibu na Malindi*

"The runs", ikiwa na "the" mbele na "s" nyuma, ni kuhara. Ni maneno ya mazungumzo. Kwenye kadi andika "diarrhoea", kisha uliza mara ngapi kwa siku na kama kuna damu.

"She's running a temperature" ni ana homa. Kila mtu ana joto la mwili, lakini kwa Kiingereza cha mazungumzo "a temperature" ni joto lililozidi, kwa hivyo pima uandike nyuzi zenyewe. "Run-down" akiambiwa mtu si chumba, ni amechoka mwili mzima, hana nguvu, hana hamu. Si jina la ugonjwa, ni njia ya kukuonyesha pa kuanzia kuuliza. "Running nose" ya vitabu vyetu wageni wengi huiita "runny nose", na zote mbili zitaeleweka. "We'll run some tests" ni tutakupima: mwambie hivyohivyo kwa Kiswahili mgonjwa wa hapa, maana yuko atakayedhani anaandaliwa mashindano.

Swali muhimu kuliko yote hayo ni "Does it run in the family?" Ugonjwa uko kwenye ukoo? Usitafsiri kwa "kukimbia katika familia", utapata macho tu. Sema, "Kwenu kuna mwingine mwenye pumu? Mama, baba, ndugu wa tumbo moja?" Taja watu. Ukiuliza "ukoo" pekee wengine watakuhesabia hadi shemeji, ambao damu yao haihusiki.

Kwa nini Waingereza "stand" kwenye uchaguzi na sisi huku magazeti yetu ya Kiingereza yanasema "run"?
*Msomaji, Watamu*

Uingereza mgombea "stands for Parliament". Marekani "runs for Congress". Magazeti ya Kenya huchanganya, ila "running mate" ndiyo iliyoota mizizi, kwa Kiswahili mgombea mwenza, na tangu uchaguzi wa 2013 hata magavana wanao. Neno letu, ukilichungua, limetoka kwenye "gomba". Basi Mwingereza husimama, Mmarekani hukimbia, na Mswahili hugombana. Kila mmoja anajua siasa za kwao.

Ninafundisha wageni Kiswahili hapa Lamu. Nikiwaambia "run" inanishinda, wananijibu kwamba "piga" inawashinda wao: kupiga ni kuumiza, basi kwa nini tunapiga pasi, tunapiga picha, tunapiga mswaki? Niwajibu nini?
*Mwalimu, Langoni*

Wajibu kwamba wana haki. "Piga" ndiyo "run" yetu. Ila ipo tofauti moja ya kuwafaa: "run" yaweza kusimama pekee, na "piga" bila mwenzake hurudi moja kwa moja kwenye kipigo. Wafundishe wasiiachie kamwe peke yake.

Usiwape orodha ya alfabeti. Panga mafungu. La kwanza la sauti, lililo karibu zaidi na kipigo chenyewe: piga hodi, piga makofi, piga mluzi, piga honi, piga kelele. La pili la chombo kinachopitishwa juu ya kitu: piga pasi, piga deki, piga mswaki, piga msasa, piga chapa. La tatu la mwili: piga magoti, piga miayo, piga chafya, piga mbizi. Matano kwa siku yanatosha, na kila moja lifanywe kwa vitendo, mtu apige hodi mlangoni kweli. Piga simu, piga picha na piga kura ziacheni mwisho, kwa sababu mgeni hukumbuka yale anayoyatumia kila siku bila kusaidiwa.

Mahali wanapoteleza ni palepale ambapo sisi tunateleza kwenye "run": nani anafanyiwa. Mgeni anataka kusema alikupigia simu jana, anasema "Nimekupiga jana." Amekiri kosa la jinai. Anahitaji ile "-ia", nimekupigia, na hapo kwake ndipo pagumu, kwa kuwa Kiingereza hakina kitu cha kutia kwenye mkia. Waandikie ubaoni jozi tatu, nimekupiga na nimekupigia simu, nimempiga na nimempigia picha, wamenipiga na wamenipigia kura, wazisome kwa sauti mpaka waache kucheka.

Na waonye kuhusu "kupiga maji", ambako mitaani ni kunywa pombe. Mgeni mwenye kiu aliyejifunza "piga" kwa bidii kupita kiasi anaweza kumwambia mzee wa mtaa kwamba angependa kupiga maji, akidhani ameomba bilauri ya maji ya kunywa.

Ninaandika ubao nje ya duka: "We are finished sugar." Kijana wangu asema si sahihi. Sahihi ni ipi?
*Mwenye duka, Malindi*

Kijana yuko sawa. Ulichoandika ni kwamba sukari imewamaliza ninyi, na hata hivyo hakikukaa vizuri.

Kiswahili kina njia mbili za kulisema jambo hili na Kiingereza kina mbili, na kwa bahati zimelingana. "Sukari imeisha" ni "The sugar has run out": sukari iko mbele, hakuna "of". "Tumeishiwa na sukari" ni "We have run out of sugar": watu wako mbele, "of" ni lazima. Ile "-iwa" ya tumeishiwa ndiyo inayokukumbusha "of". Ukiwa na watu mbele na "of" haipo, sentensi imekatika. Ukiwa na sukari mbele na "of" ipo, imezidi. Ikiwa imebaki kidogo, "We are running low on sugar", na safari hii kineno ni "on", si "of".

Kimoja cha kuepuka: "run out on" mtu ni kumtoroka, kama mume aliyekimbia nyumba. "We have run out on our customers" ni tangazo ambalo hungetaka lisomwe.

Ubaoni andika: "Sorry, we have run out of sugar. More tomorrow." Na kama kesho huna hakika nayo, ifute.